Kuridhika na Kudumu Kazini kwa Wauguzi wa Hospitali

Kuridhika kazini kwa wauguzi wa hospitali ni hali ya muuguzi kuiona kazi yake ina maana, inalipwa kwa haki, inaheshimiwa na wale anaoifanya nao, na inafanyika katika mazingira yanayomwezesha kuuguza kama alivyofundishwa. Kudumu kazini ni kubaki kwake katika wodi, katika hospitali au katika taaluma kwa muda unaotosha ujuzi wake kuwafaa wagonjwa pamoja na wauguzi wanaomfuata. Mambo haya mawili hujadiliwa pamoja kwa kuwa la kwanza huchangia sana la pili, ingawa hayalingani sawasawa: yuko anayebaki kwa kukosa pa kwenda, na yuko anayeondoka akiwa bado anaipenda kazi yake, kwa ajili ya masomo au kumfuata mwenzi wake wa ndoa. Wachunguzi hutenganisha kuhama wodi, kuacha hospitali na kuacha taaluma kabisa, na huongeza hali ya nne isiyoonekana kwenye daftari la mahudhurio, yaani ya muuguzi ambaye mwili wake umefika zamu lakini moyo wake umekwisha kuondoka.

Uzito wa suala hili unatokana na uhaba. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2025, dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na ilipungukiwa wengine milioni 5.8, na ilikadiriwa kwamba kufikia mwaka 2030 karibu asilimia 70 ya upungufu utakaobaki itakuwa katika kanda za Afrika na Mashariki ya Mediterania. Kusomesha wauguzi wapya ni lazima, lakini nchi inayosomesha bila kuwatunza walioko kazini hujaza mtungi unaovuja.

Istilahi na nadharia

Nadharia inayorejelewa sana ni ya mwanasaikolojia Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959, pamoja na wenzake, aligawanya mambo ya kazi katika makundi mawili. Kundi la kwanza, kama mshahara, usalama wa ajira, usimamizi na hali ya mahali pa kazi, likikosekana huleta manung'uniko, lakini likipatikana huondoa manung'uniko hayo bila kuzaa ari. Kundi la pili, kama mafanikio, kutambuliwa, kupewa dhamana na kukua kitaaluma, ndilo linalozaa ari yenyewe. Mgawanyo huu umepingwa kwa kutenganisha mno mambo yanayoingiliana, hasa pale ambapo mshahara haufiki mwisho wa mwezi na kwa hiyo unasomwa na mtumishi kama kipimo cha heshima anayopewa. Hata hivyo unaeleza kwa nini nyongeza ya fedha peke yake mara nyingi hutuliza kwa muda tu.

Istilahi ya pili ni uchovu wa kazi, ambao ni tofauti na uchovu wa mwili unaoisha kwa usingizi. Christina Maslach na Susan Jackson, waliochapisha kipimo chake mwaka 1981, waliueleza kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuwa baridi kwa watu wanaohudumiwa, na kujiona kuwa kazi unayoifanya haina tija. Mwaka 2019 WHO iliuingiza katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, ikaueleza kuwa ni hali inayotokana na kazi na wala si ugonjwa, na kwa maelezo hayo tiba yake haiwezi kutafutwa kwa muuguzi pekee huku kazi iliyomchosha ikiachwa kama ilivyo.

Istilahi ya tatu ni dhiki ya kimaadili, iliyoelezwa na mwanafalsafa Andrew Jameton mwaka 1984 kuwa ni maumivu ya mtu anayejua lililo sahihi kutendwa lakini anazuiwa na taratibu au uhaba kulitenda. Kwa muuguzi, dhiki hii haina haja ya tukio kubwa, kwa kuwa hujengeka kidogo kidogo kila mara anapomgeuza mgonjwa aliyepooza mara moja badala ya mara tatu, au anapomwacha mama aliyejifungua bila maelezo ya kunyonyesha kwa sababu kitanda chake kinasubiriwa.

Historia ya utafiti

Utafiti wa kisasa ulipata nguvu nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati hospitali nyingi zilikuwa zikilia uhaba wa wauguzi ilhali chache, katika miji ileile na kwa soko lilelile la ajira, hazikuwa na shida ya kuwapata wala kuwabakiza. Chuo cha Uuguzi cha Marekani, ambacho ni jumuiya ya wabobezi, badala ya kuuliza kwa nini wauguzi wanaondoka kiliuliza kwa nini wengine wanabaki, na ripoti yake ya mwaka 1983 ilibainisha hospitali 41 zilizopewa jina la hospitali za sumaku. Zilifanana kwa mambo yanayohusu mpangilio zaidi ya utajiri: mkuu wa wauguzi alikuwa na kauli katika uongozi wa juu, wauguzi waliamua mambo ya uuguzi, ratiba ilikuwa na unyumbufu, na uhusiano na madaktari ulikuwa wa kusikilizana. Kutokana na ripoti hiyo ulianzishwa utaratibu wa ithibati, na hospitali ya kwanza kuipata, mwaka 1994, ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle.

Hatua ya pili ilihusisha hali ya muuguzi na uhai wa mgonjwa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania uliowahusisha wauguzi 10,184. Walionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30, la asilimia 23 la uchovu wa kazi na la asilimia 15 la kutoridhika. Miongoni mwa wauguzi waliochoka na kutoridhika, asilimia 43 walikusudia kuacha kazi ndani ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na asilimia 11 ya wenzao waliokuwa katika hali njema. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2014, uliohusisha hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, ulipata kiwango kilekile cha asilimia 7 kwa kila mgonjwa anayeongezwa. Tafiti za aina hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja na hazithibitishi peke yake kwamba moja limesababisha lingine, lakini kurudiwa kwa matokeo katika nchi mbalimbali kumezipa uzito.

Vyanzo vya kutoridhika

Chanzo kinachotajwa karibu kila mahali ni upungufu wa ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa kwa kituo au wodi. Athari yake huonekana vyema usiku. Katika wodi ya wagonjwa 30 yenye muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, dawa za saa nne huwa bado zinagawiwa pale dripu ya mgonjwa wa kitanda cha mwisho inapoisha, ndugu wa mgonjwa mwingine anapoita kwamba mtu wake anahema kwa shida, na machela inapoingia na mgonjwa anayetoka chumba cha upasuaji. Muuguzi humkimbilia anayehema, na yuko sahihi kufanya hivyo; lakini aliyetoka upasuaji, aliyepaswa kupimwa mapigo na shinikizo la damu kila baada ya dakika chache, atapimwa mara moja, na wakati wa kukabidhi zamu asubuhi nafasi tupu kwenye chati zitamkabili yule aliyeziacha bila kupenda. Watafiti huiita hali hii huduma zilizoachwa, na muuguzi anayeiishi kila wiki haondoki kwa uvivu, huondoka kwa sababu hawezi tena kubeba aliyoyaacha.

Chanzo cha pili ni mpangilio wa zamu, hasa ratiba inayotolewa siku chache kabla ya kuanza, zamu za usiku zinazofuatana bila mapumziko ya kutosha, na kuitwa kazini siku ya mapumziko. Cha tatu ni uongozi wa karibu: muuguzi mfawidhi wa wodi, anayepanga ratiba, anayegawa kazi na anayesimama mbele ya ndugu wa mgonjwa wanapofoka, huathiri maisha ya kila siku ya muuguzi kuliko mkurugenzi ambaye huenda hajamwona kwa mwaka mzima. Cha nne ni matusi, vitisho na vipigo kutoka kwa wagonjwa au jamaa zao, pamoja na dharau miongoni mwa wanataaluma wenyewe. Cha tano ni maslahi: mshahara usiolingana na dhamana, posho za zamu na za saa za ziada zinazocheleweshwa, na kupandishwa daraja kunakosubiriwa kwa miaka.

Wauguzi wapya wako hatarini zaidi. Mwaka 1974 Marlene Kramer aliita mshtuko wa uhalisia hali ya mhitimu anayefika wodini akiwa na kanuni za darasani na kukuta kazi inaendeshwa kwa kufupisha njia. Asipopata wa kumshika mkono, huchagua kati ya kuyasahau aliyofundishwa na kuondoka.

Athari za kuondoka

Gharama inayoonekana ni ya kutangaza nafasi, kusaili na kufundisha anayechukua nafasi, pamoja na malipo ya saa za ziada kwa wanaoziba pengo. Gharama isiyoonekana ni ya ujuzi. Patricia Benner, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza ngazi tano ambazo muuguzi hupanda kutoka uanagenzi hadi ubobezi, na kuonyesha kwamba mbobezi husoma hali nzima ya mgonjwa kabla vipimo havijasema. Muuguzi aliyekaa miaka kumi katika wodi ya watoto humtambua mtoto anayezidiwa kwa namna anavyolia, au anavyoacha kulia, na maarifa ya namna hiyo hayaandikwi katika barua ya makabidhiano. Zaidi ya hayo, kila anayeondoka huwaongezea kazi waliobaki, nao huchoka na kufuata, kiasi kwamba uhaba hugeuka kuwa chanzo cha uhaba.

Njia za kuboresha

Njia ya kwanza ni kuweka ukomo wa wagonjwa kwa kila muuguzi. Jimbo la California lilipitisha sheria hiyo mwaka 1999 na kuanza kuitekeleza mwaka 2004, likitaka muuguzi mmoja asizidishe wagonjwa 2 katika chumba cha wagonjwa mahututi, na wagonjwa 5 katika wodi za kawaida za tiba na upasuaji kuanzia 2005. Ukomo wa namna hii huhitaji wauguzi wa kutosha katika soko la ajira. Pasipo hao, hospitali hulazimika kuanza kwa kuwaondolea wauguzi kazi zisizo za uuguzi, kama kusukuma machela, kufuata dawa stoo na kujaza fomu zinazorudiwa, na kuzikabidhi kwa wahudumu na makarani.

Njia ya pili ni kutoa ratiba mapema na kuwaruhusu wauguzi kushiriki kuipanga, ikiwa ni pamoja na kubadilishana zamu kwa utaratibu unaojulikana. Njia ya tatu ni malezi ya kitaaluma, ambapo mhitimu mpya hupangiwa mlezi mwenye uzoefu kwa miezi kadhaa, na mlezi huyo hupunguziwa wagonjwa ili malezi yasiwe mzigo mwingine juu ya mizigo. Njia ya nne ni ngazi ya ukuaji wa kitabibu, inayomwezesha muuguzi hodari kupanda cheo na mshahara akiendelea kuhudumia wagonjwa, badala ya kulazimika kuhamia ofisini ili aonekane amefanikiwa. Njia ya tano ni uongozi shirikishi, wenye kamati za wauguzi zinazoamua juu ya taratibu za uuguzi na kupewa majibu ya maandishi kwa hoja wanazozitoa. Njia nyingine ni utaratibu wa kuripoti makosa bila kuadhibiwa papo kwa papo, ulinzi wodini, chanjo na vifaa vya kujikinga, chumba cha kupumzikia, usafiri wa zamu za usiku na mahali pa kulelea watoto.

Hali ya Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika

Malawi ilitoa mfano mashuhuri kwa mpango wake wa dharura wa watumishi wa afya ulioanza mwaka 2004, uliowaongezea watumishi wa kada 11 asilimia 52 ya mshahara na kupanua vyuo. Watumishi wa kada hizo waliongezeka, lakini mpango ulitegemea kwa sehemu kubwa fedha za wafadhili, jambo lililoacha swali la nani angeendelea kulipa.

Nchini Kenya, huduma nyingi za afya zilihamishiwa serikali za kaunti mwaka 2013, na mgogoro kuhusu mkataba wa maslahi ulizaa mgomo wa wauguzi ulioanza Juni 2017 na kuendelea kwa takriban miezi mitano. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza. Uhamaji wa namna hii unaongozwa na kanuni za hiari za WHO za mwaka 2010, zinazozitaka nchi tajiri zisiajiri kwa namna inayodhoofisha huduma katika nchi zenye uhaba mkubwa. Haki ya muuguzi kutafuta maisha mahali popote haiondoi wajibu wa mwajiri wa nyumbani kumpa sababu ya kubaki.

Nchini Tanzania, taaluma inasimamiwa chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na tatizo la kudumu ni mgawanyo kati ya mijini na vijijini. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, imeshiriki kuajiri watumishi wa afya na kujenga nyumba zao katika maeneo magumu kufikika. Nyumba karibu na kituo ina uzito ambao takwimu za mshahara hazionyeshi, kwa kuwa muuguzi anayetoka zamu ya usiku na kutembea saa moja porini huhesabu hatua hizo anapoamua kuomba uhamisho.

Upimaji na mipaka yake

Kipimo cha kawaida ni kiwango cha kuondoka, yaani idadi ya walioacha kazi katika mwaka ikigawanywa kwa wastani wa walioajiriwa. Kipimo hiki huchelewa, kwa sababu husema baada ya jambo kutokea, na mahojiano ya kuaga mara nyingi hupata majibu ya adabu kuliko ya kweli, maana anayeondoka bado anahitaji barua ya utambulisho. Ndiyo maana hospitali nyingine hufanya mazungumzo na wanaobaki, zikiuliza nini kinawashika na nini kingewaondoa.

Hakuna njia moja iliyothibitika kutosha mahali pote, na mafunzo ya kuvumilia msongo, yakitolewa katika wodi isiyoongezewa mtu, humwachia aliyelemewa jukumu la kujiponya. Dalili za mapema zinaweza kusomwa kwenye ratiba ya mwezi iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya wodi: ni majina mangapi yamepangwa usiku, ni siku ngapi za mapumziko zimefutwa kwa kalamu, na ni nani ambaye jina lake limejaa katika mapengo yote. Huyo anayeziba mapengo yote mara nyingi ndiye mwenye ujuzi mkubwa zaidi wodini, na ndiye anayepaswa kuulizwa hali yake kabla hajaandika barua.