Nduthi, Mvua na Majani Chai: Vile Programu ya Kupanga Njia za Delivari Hufanya Kazi

Msee wa nduthi anatoka Kericho mjini na mizigo ya nyumba 10: zingine ziko Brooke, zingine Kapsoit, zingine Litein. Aanzie wapi? Nyumba 5 zinaweza kupangwa kwa njia 120. Zikifika 10, njia ni 3,628,800. Hiyo huwezi kupiga na kichwa, na ukikosea mafuta yanatoka kwa mfuko wako.

Hesabu yenyewe ni ya kitambo. Mwaka wa 1959, George Dantzig na John Ramser waliandika vile malori ya petroli yanaweza kugawiwa vituo. Mwaka huo huo Edsger Dijkstra akachapisha mbinu ya kutafuta njia fupi kati ya pointi mbili. Programu za leo bado zinafanya hizo kazi mbili: kutafuta njia, kisha kupanga nani aanze.

Ukitaka kuunda yako, rada ni hii:

Ramani. OpenStreetMap ilianza 2004, ni ya bure, na mtu yeyote anaweza kuongeza barabara. Weka alama kwa njia za ndani ya mashamba ya chai zenye geti, la sivyo programu itatuma rider mahali askari atamrudisha.

Mahali pa mteja. Huku hakuna namba za nyumba. "Shukia stage, uliza duka la kona" haieleweki na kompyuta. Mwambie mteja atume pini.

Dakika, si kilomita. Boma mbili zinaweza kuonekana majirani kwa ramani, kumbe katikati kuna bonde na mto, na daraja liko mbali. Kilomita moja ya lami si sawa na moja ya murram.

Mvua. Kericho hunyesha sana mchana kuelekea jioni. Kwa hivyo murram ipewe dakika zaidi baada ya saa nane, ndio programu ipange vijijini asubuhi na lami baadaye. Hapo si mafuta tu unaokoa. Nduthi ikiteleza kwa matope na mzigo nyuma, ni mguu wa mtu.

Mtandao. Ukipotea bondeni, orodha ibaki kwa simu.

Mwisho, wape marider kitufe cha kusema "hapa hapapitiki". Wao ndio wanajua hizo barabara, na ramani isiyowasikiza itawachoma kila siku.