Ngitili na Mkataba wa Mataifa

Mwezi Juni 1992, mjini Rio de Janeiro, mataifa yalianza kutia saini Mkataba wa Bayoanuwai, yaani wingi na namna mbalimbali za viumbe hai. Nchi yetu iliuridhia mwaka 1996. Kifungu cha 8 cha Mkataba huo kinayataka mataifa yaheshimu na kudumisha maarifa na desturi za wenyeji zinazohifadhi viumbe hao. Basi yatupasa kujiuliza: desturi za namna hiyo tulikuwa nazo, na tulizitendea nini?

Wasukuma, tangu zamani, walikuwa na ngitili. Mvua zilipoanza, sehemu ya malisho ilifungwa, mifugo isiingie, nyasi na miti ikapata kukua. Kiangazi kilipokausha mbuga, ngitili ilifunguliwa kwa ndama, kwa wanyama wagonjwa na kwa maksai wa kulimia. Hapakuwa na ua wala askari. Mlinzi wake alikuwa heshima ya jamaa na hukumu ya wazee.

Lakini misitu ya Shinyanga ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kuangamiza mbung'o, na mashamba ya pamba yakazidi kuila ardhi. Tulipohamia vijijini katika miaka ya 1970, familia nyingi ziliziacha ngitili zao bila mlinzi. Tusilifiche jambo hili: nia ilikuwa njema, lakini maarifa ya wenyeji hatukuyapima. Ilipofika 1986 zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu, na mkoa ukafikia kuitwa jangwa.

Mwaka huo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wataalamu walikuja na miche. Wanavijiji wakakumbuka ngitili. Dagashida, baraza la mila, likaweka sheria na kuwatoza faini waliozivunja. Haikupita miaka 20, zaidi ya hekta 300,000 zikawa zimefufuka. Ndege wakarudi, miti ya dawa ikaonekana tena, na akina mama wakapata kuni karibu na nyumbani. Mwaka 2002 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Mkataba hutiwa saini siku moja. Desturi hulindwa kila msimu, na wanaoilinda ni wananchi. Kwa hiyo tunawasihi walimu na wanafunzi wawaendee wazee wa mahali pao, wawaulize ni msitu gani, chemchemi gani na mti gani uliokatazwa kuguswa, na kwa sababu gani. Kisha wayaandike majibu hayo wakati wazee wangali hai.