Faza na Ushirikiano wa Mataifa: 1587 na Baada Yake

Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 na viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini, huelezwa aghalabu kuwa ni mwanzo mpya. Kwa mji wa Faza, kisiwani Pate, jambo hili si geni. Wafaza walimpokea Amiri Ali Bey, nahodha wa Waturuki, alipofika pwani mnamo 1585–86 akiahidi kuwaondoa Wareno. Mwaka 1587 merikebu za Wareno zilitoka Goa. Mji ukateketezwa, mtawala wake akauawa, na minazi, ambayo ndiyo iliyokuwa akiba ya watu, ikakatwa. Mturuki hakuwapo.

Hata hivyo, Wafaza wa wakati ule walijichagulia mshirika wao. Safari hii ushirikiano ulikuwa wa serikali. Kushirikishwa, neno la mzizi ule ule, hakukuwafikia wenye bahari. Kampuni ya Kichina ilijenga gati katika ghuba ya Manda, na la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imekwisha kuamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.