Akaunti Iliyolala Ifutwe? Tuulize Geita

Mwaka 1978, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw, alianza kuandika gemu isiyo na picha hata moja. Mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Gemu hiyo, MUD, ni maandishi matupu: unasoma maelezo ya mahali ulipo, unaandika amri, na humo humo unakutana na wachezaji wengine. Kila mmoja ana jina lake na pointi zake, zimetunzwa kwenye kompyuta.

Sasa, mchezaji akipotea miaka mitatu, akaunti yake ifutwe?

Enzi zile diski zilikuwa ndogo na za bei kali, hivyo kufuta kulikuwa na maana. Leo akaunti kama hiyo ni kilobaiti chache tu. Simu yako ya mkononi inaweza kubeba mamilioni. Hoja ya diski kujaa imekwisha. Ila ndani ya akaunti mna vitu viwili: kumbukumbu za mchezaji, na nafasi aliyoishika. Kumbukumbu hazimzuii mtu. Nafasi inazuia: jina ni la mmoja, na nyumba ya katikati ya mji wa gemu ni ya mmoja.

Huku kwetu Shinyanga na Geita swali hili tunalijua kupitia leseni za madini. Ardhi yenye dhahabu haiongezeki. Mtu akishika eneo asilichimbe, kijana mwenye sururu anabaki anaangalia tu. Ndiyo maana Sheria ya Madini ya 2010 iliipa leseni ya mchimbaji mdogo muda usiozidi miaka 7, kisha unaomba upya.

Lakini kulala siyo kufa. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Miaka 34! Kilichokuwa hakilipi jana kinaweza kulipa kesho.

Halafu kuna namna ya kufuta. Januari 2018 serikali ilifuta leseni hodhi zote, zile zilizoruhusu kampuni kushikilia eneo bila kuchimba kwa wakati huo. Hoja ilieleweka: maeneo yasilale. Ila wenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Lindi, walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Julai 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili zilikubaliana dola milioni 90.

Kwa hiyo wenye seva za gemu wajiulize kwanza: kuna mtu anayesubiri nafasi hii? Kama hayupo, akaunti iachwe ilale. Kama yupo, mwenyewe apewe taarifa na muda wa kujibu. Akikaa kimya, jina au nyumba apewe mwingine, lakini pointi na kazi zake zitunzwe. Akirudi baada ya miaka 34, achague jina jipya na kuendelea alipoishia.