Kitovu cha Ulaya Kimezikwa Wapi?

Kando ya mto Tisza, ndani ya milima ya Karpati, kipo kijiji kinachoitwa Dilove. Ni magharibi mwa Ukraine, karibu na mpaka wa Romania. Ukingoni mwa barabara pana jiwe la mwaka 1887 lenye maandishi ya Kilatini, na wenyeji hukuambia bila kusita kwamba hapo uliposimama ndipo katikati ya Ulaya. Wageni hushuka garini, hulishika jiwe, hupiga picha, hununua vikumbusho.

Nenda Lithuania, kilomita 26 kaskazini mwa Vilnius, nako utaoneshwa katikati ya Ulaya. Mji mdogo wa Suchowola, kaskazini mashariki mwa Poland, una jiwe lake. Waslovakia wanakutajia Krahule, jirani na mji wa kale wa migodi wa Kremnica. Wabelarusi walisimamisha mnara mjini Polotsk mwaka 2008. Waestonia nao wanasema ukihesabu visiwa vyote bila kuruka hata kimoja, katikati inaangukia kwao, kisiwa cha Saaremaa, kijiji cha Mõnnuste. Bara ni moja, na kila kijiji kimeshika hesabu yake mkononi.

Kwa Kiswahili katikati ya mahali ni kitovu, na neno hilo lina uzito ambao ramani haiwezi kuuonesha. Mtu wa kwetu akitaka kusema kwamba hapa ni kwao hasa, kwamba hakuna wa kumtoa, husema hapa ndipo kilipozikwa kitovu chake. Kwa hiyo mimi huusikiliza utani huu wa Wazungu kwa sikio hilo. Nikisikia kijiji kinadai kuwa kitovu cha bara, nasikia watu wanaosema: na sisi tumezaliwa humu.

Dai la Suchowola ndilo kongwe. Mwaka 1775 Szymon Antoni Sobiekrajski, mtaalamu wa nyota wa Mfalme Stanisław August Poniatowski, alipiga hesabu akaona katikati ya Ulaya ni pale. Tazama mwaka wenyewe. Miaka mitatu kabla, mwaka 1772, Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeimega Poland, kila moja ikachukua pande lake. Baada ya miaka 20 tu, mwaka 1795, nchi yote ikafutwa kwenye ramani. Katikati ya mikasi hiyo miwili anatokea mtu wa mfalme na kusema kitovu cha Ulaya kiko ndani ya mipaka yetu. Sina ushahidi wa alichokuwa nacho moyoni. Ninachojua ni kwamba jiwe la ukumbusho lipo bustanini Suchowola hadi leo, na mfalme hayupo.

Turudi Dilove, maana jiwe lile lina siri yake. Maandishi yake yanaanza kwa maneno mawili, locus perennis, yaani mahali pa kudumu. Yanaendelea kutaja kipimo cha usawa kilichofanywa kwa uangalifu mkubwa ndani ya Austria na Hungaria, na vipimo vya mistari ya longitudo na latitudo za Ulaya. Soma mstari kwa mstari, hutakuta mahali palipoandikwa katikati. Wapima ardhi wa jeshi la Austria-Hungaria walikuwa wakisambaza mtandao wa vimo, wakitaka kujua kila mahali pameinuka kiasi gani juu ya usawa wa bahari. Ili kazi isipotee, waliweka mawe saba makuu sehemu mbalimbali za dola hiyo. Moja liko Lišov, Ucheki. Jingine Nadap, Hungaria. Mengine yako Slovakia, Slovenia, Romania, Italia. La saba ni hilo la Dilove. Kwa lugha ya wapima ardhi wetu, ni bikoni, tena bikoni ya kimo. Liliwekwa kusema ardhi hii iko juu kiasi gani. Halikuambiwa lihesabu umbali wa kwenda Ureno wala wa kwenda Milima ya Ural.

Lakini watu walisoma jina Ulaya kwenye jiwe, wakasoma na maneno ya mahali pa kudumu, wakajaza yaliyobaki. Wakati wa utawala wa Kisovieti dai lilikubaliwa, na mwaka 1977 ukajengwa mnara mwingine mrefu pembeni ya lile jiwe dogo. Siwalaumu hata kidogo. Fikiria bibi aliyezaliwa Dilove mwaka 1910. Alizaliwa chini ya Austria-Hungaria. Akiwa binti mdogo akawa raia wa Chekoslovakia. Mwaka 1939 ikaja Hungaria, mwaka 1945 Muungano wa Kisovieti, na kama alijaliwa kuiona 1991, alizeekea Ukraine. Dola tano, na nyumba haijasogea hata hatua moja. Mipaka ndiyo iliyokuwa ikitembea. Watu wa mahali kama hapo wakiona jiwe limeandikwa mahali pa kudumu, watalikumbatia. Hata mimi ningelikumbatia.

Lithuania walipata lao mwaka 1989. Mtaalamu Jean-George Affholder wa Taasisi ya Taifa ya Jiografia ya Ufaransa alichukua Ulaya kuanzia Svalbard kaskazini mpaka Visiwa vya Canary kusini, na kuanzia Azores upande wa magharibi mpaka Ural mashariki. Akatafuta mahali ambapo uzito wa eneo lote ungesawazika, akapata latitudo 54°54′ Kaskazini na longitudo 25°19′ Mashariki, karibu na kijiji cha Purnuškės. Habari iliwafikia Walithuania wakiwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti, mwaka uleule ambao watu wa nchi tatu za Baltiki walishikana mikono Agosti 23 wakafanya mnyororo kutoka Vilnius, kupitia Riga, hadi Tallinn. Miezi michache baadaye, Machi 1990, Lithuania ikatangaza uhuru wake.

Msanii Gintaras Karosas aliipokea habari ile kwa mikono yake miwili. Mwaka 1991 alifungua bustani ya sanamu msituni, nje kidogo ya Vilnius, akaipa jina la Europos Parkas, yaani Bustani ya Ulaya. Kazi moja aliyoiweka humo ni njia za kuzungukazunguka zilizojengwa kwa televisheni kuukuu karibu 3,000, na ndani kabisa akailaza sanamu ya Lenin iliyoangushwa. Tarehe 1 Mei 2004, siku Lithuania ilipoingia Umoja wa Ulaya, nguzo ya mawe meupe aliyoichonga Karosas ilizinduliwa kule Purnuškės, pale katikati penyewe, juu yake pana taji la nyota.

Nilitaka kuelewa hesabu hizi kwa vidole vyangu. Nilichukua boksi la sabuni, nikachora ramani ya Tanzania kutoka kwenye atlasi ya shule, nikaikata kwa mkasi na kuisimamisha juu ya ncha ya kalamu mpaka ikatulia bila kuinama. Njia hii ya boksi na ncha ni ya kweli. Wataalamu wa Marekani waliitumia zamani kutafuta katikati ya nchi yao. Sisi tulioamua mwaka 1973 kuyahamishia makao makuu Dodoma, pamoja na sababu nyingine kwa kuwa ni katikati ya nchi, tuna haki ya kujaribu.

Tatizo lilianza na mkasi. Ukifuata ufuko wa bahari, Unguja, Pemba na Mafia zinadondoka sakafuni. Nikaziokota. Je, nchi hii ni kamili bila hizo? Si kamili. Nikaziunganisha kwa njiti za kiberiti na gundi, na boksi lililokuwa limetulia likainama kuelekea baharini. Kisha likaja Ziwa Victoria. Karibu nusu ya ziwa ni yetu, lakini ni maji. Nilipolikata, ncha ya kalamu ililazimika kusogea kuelekea kusini mashariki, nusu upana wa ukucha hivi. Kwenye nchi yenyewe hizo ni kilomita nyingi: kijiji kimoja kinapoteza kitovu na kingine kinakipata, kwa sababu tu mtu mmoja mezani ameamua kwamba ziwa si nchi.

Na ndivyo ilivyo kwa vijiji vya Ulaya. Ukiacha Dilove, iliyosoma jiwe tu bila kuhesabu, sioni aliyekosea kuhesabu. Waliachana mahali pa kupitisha mkasi. Mmoja kahesabu visiwa vya mbali, mwingine kaviacha. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Hesabu inayotembea kuliko zote ni ya Umoja wa Ulaya, kwa kuwa wanachama huingia na kutoka. Mwaka 1987, nchi zikiwa 12, katikati ilikuwa Saint-André-le-Coq, Ufaransa. Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, ikasogea kama kilomita 25 mpaka kitongoji cha Noireterre. Austria, Sweden na Finland zilipoingia mwaka 1995, ikahamia Viroinval, Ubelgiji. Mwaka 2004 ikaingia Ujerumani, Kleinmaischeid. Mwaka 2007, Bulgaria na Romania zilipojiunga, ikaangukia shamba la Meerholz, mji wa Gelnhausen, jimbo la Hesse. Na Croatia ilipoingia mwaka 2013, kitovu kikavuka kwenda jimbo la Bavaria, kijiji cha Westerngrund, mwendo wa baiskeli tu kutoka Meerholz. Kwa majirani wa majimbo mawili yanayopenda kutaniana, nchi ya Croatia yote ilikuwa imefanya kazi ya kukiondoa kitovu kwa hawa na kuwapa wale.

Hapa sasa ndipo habari hii inapofika nyumbani kwetu. Tarehe 1 Januari 2014, kitovu cha Umoja wa Ulaya kilisogea mita kama 500, kikabaki ndani ya Westerngrund ileile. Hakuna nchi ya Ulaya iliyokuwa imeingia siku hiyo. Kilichoingia ni Mayotte, kisiwa ambacho wenyeji hukiita Maore, katika Bahari ya Hindi, kati ya Msumbiji na Madagaska. Ni kimojawapo cha Visiwa vya Komoro. Ndugu zake watatu walijitawala mwaka 1975, chenyewe kikabaki na Ufaransa. Serikali ya Komoro inakidai mpaka leo. Mwaka 2011 kikawa mkoa kamili wa Ufaransa, na mwaka 2014 kikahesabiwa kuwa ardhi ya Umoja wa Ulaya. Lugha yao ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Eneo lake ni kilomita za mraba 374, halifiki hata robo ya Unguja.

Inakuwaje kisiwa kidogo hivyo kikokote kitovu cha umoja wenye zaidi ya kilomita za mraba milioni nne? Kwa umbali wake. Anayejua mizani ya mkono, ile yenye fimbo na jiwe la kusogeza, anajua kwamba jiwe dogo likipelekwa mwisho wa fimbo hubeba gunia. Maore iko maelfu ya kilomita kutoka Bavaria, mwisho kabisa wa fimbo. Hekta moja ya Maore huivuta katikati kwa nguvu ambayo hekta kumi za karibu na Westerngrund haziwezi. Niliposoma jambo hili mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikaenda kusimama dirishani. Tangu utotoni nimeoneshwa ramani ambazo katikati ni kwa wengine na sisi tuko pembeni. Na kumbe katikati haina nguvu yoyote ya kukaa ilipo. Huwekwa pale na wale walio mbali nayo, na aliye mbali zaidi ndiye anayevuta zaidi.

Uingereza ilipotoka usiku wa kuamkia Februari 1, 2020, kitovu kiliondoka Westerngrund kikaenda zaidi ya kilomita 50 kusini mashariki, hadi Gadheim, kitongoji cha Veitshöchheim chenye watu wasiofika 100. Kiliangukia shambani, katikati ya mimea. Mpaka leo kipo hapo.

Hakitakaa. Ukraine imekuwa mgombea wa uanachama tangu Juni 2022. Ikipokelewa, wataalamu watafungua tena ramani zao, na eneo lote hilo litakivuta kitovu kuelekea mashariki, mbali na Gadheim. Siku hiyo Dilove itakuwa imeingia ndani ya mpaka wa sita tangu yule bibi azaliwe. Na lile jiwe la 1887 litaendelea kusema lilichoambiwa liseme, ardhi hii iko juu ya bahari kiasi gani, huku watoto wa kijiji wakiwaonesha wageni mahali pa kusimama ili picha itoke vizuri.