Matairi na breki: kutoka Firq hadi Jabal Akhdar

Firq ni kijiji kilicho kusini kidogo ya mji wa Nizwa, katika mkoa wa Ad Dakhiliyah nchini Oman. Hapo barabara itokayo Muscat hukutana na ile iendayo Bahla na Ibri, na nyingine inayokata jangwa kwa zaidi ya kilomita 800 hadi Salalah. Kiswahili si kigeni katika eneo hili, kwani familia nyingi za Nizwa, Ibra na Sur zina asili ya Zanzibar, na baadhi yao zilirejea baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964.

Dereva anayeondoka Firq hukabiliwa na hali tatu tofauti: lami yenye joto kali, changarawe za mabonde na miteremko ya milima. Hakuna tairi moja linalozimudu zote kwa ubora ulio sawa.

Kusoma ubavu wa tairi

Chukua mfano wa maandishi 265/65 R17 112S. Namba 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. 112 maana yake ni kwamba tairi linabeba hadi kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa.

Muhimu zaidi ni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, na joto huharakisha uzee huo. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike kupita miaka 10. Katika nchi ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 45, ni busara kulibadilisha mapema zaidi.

Matairi mengi huwa pia na daraja la kuhimili joto, A, B au C, ambapo A ni bora. Daraja la mshiko, kuanzia AA hadi C, hupimwa juu ya lami na saruji iliyoloweshwa maji. Kwa hiyo halimwelezi mnunuzi lolote kuhusu changarawe.

Matairi ya A/T yanafaa kwa anayechanganya lami na njia za vumbi. Yale ya M/T, yenye meno makubwa, hushika vyema katika tope na mawe, lakini hupiga kelele na mara nyingi huchelewa kusimama kwenye lami yenye maji.

Umbali wa kusimama

Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa juu ya lami kavu huhitaji takriban mita 18 kusimama tangu breki ziliposhika. Kwenye changarawe huenda likahitaji mita 28 au zaidi. Kabla ya hapo, kila sekunde ambayo dereva anachelewa kukanyaga breki humgharimu karibu mita 17. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa breki huongezeka mara nne.

Breki za ABS huzuia magurudumu yasigande, hivyo dereva anaweza kuendelea kukata usukani. Hata hivyo, kwenye changarawe zilizolegea zinaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa gurudumu lililoganda hujirundikia kokoto mbele yake na kupunguza mwendo. Anayetegemea ABS njia ya vumbi lazima aache nafasi kubwa zaidi.

Mteremko

Kilomita zipatazo 20 kutoka Firq ni Birkat al-Mawz, mwanzo wa barabara ya Jabal Akhdar. Polisi wameweka kizuizi hapo, na magari yasiyovuta kwa magurudumu yote manne hayaruhusiwi kupanda. Hatari kubwa huja wakati wa kurudi. Gari la tani mbili na nusu likishuka mita 1,400 huzalisha nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji. Breki zikibebeshwa joto hilo lote, pedi hupoteza mshiko na mafuta ya breki huweza kuchemka, na pedali ikazama hadi sakafuni.

Ndiyo maana kando ya barabara hiyo kuna njia za dharura zenye changarawe, za kulinasa gari lililoshindwa kusimama. Kinga ni kushuka kwa gea ndogo, kukanyaga breki kwa vipindi vifupi na kupumzika harufu ya kuungua inaposikika. Kanuni hiyo hiyo inafaa Kitonga mkoani Iringa na Sekenke mkoani Singida.

Kabla ya safari

Pima upepo matairi yakiwa baridi. Ukiupunguza ili kupita mchangani, ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, maana tairi lenye upepo mdogo hupata joto hadi kupasuka. Kina cha meno kikifika milimita 1.6, tairi limekwisha. Mwisho, jaribu breki mahali pa wazi kwa mwendo mdogo. Gari likivuta upande mmoja au pedali ikiwa laini, liende kwa fundi kabla ya kwenda mlimani.