Pima shahada ya uhandisi kabla ya kujiunga na chuo

WATAHINIWA wengi wa KCSE wanapochagua kozi huvutiwa na jina la chuo kikuu au fahari ya majengo yake. Kwa anayetaka kuwa mhandisi, vigezo hivyo havitoshi. Shahada hii huchukua miaka mitano humu nchini, na thamani yake hudhihirika siku mhitimu anapoomba kusajiliwa.

Kisheria, mtu hawezi kufanya kazi kama mhandisi nchini Kenya pasipo usajili. Jukumu hilo ni la Bodi ya Wahandisi (EBK), iliyoundwa chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011. Mhitimu huanza kwa kusajiliwa kama mhandisi mhitimu, kisha hupata tajriba ya miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ndiyo huidhinisha kozi kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012. Hata hivyo, bodi ndiyo hukagua vyeti vya anayeomba usajili. Pande hizi zinapotofautiana, anayeumia ni mwanafunzi. Wahitimu zaidi ya 100 walionyimwa usajili na bodi iliyotangulia EBK walipigania haki yao hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu mwaka wa 2018. Miaka waliyoipoteza kortini wangeitumia kujiendeleza kitaaluma.

Basi mzazi na mwanafunzi wachunguze nini?

Kwanza, ithibati ya kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali ilhali mojawapo ya kozi zake haijatambuliwa. Bodi huchapisha orodha ya kozi inazozitambua. Ikague kabla ya kulipa karo.

Pili, mtaala. Baadhi ya vyuo, hasa ng'ambo, hufunza uhandisi wa jumla. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwanafunzi husoma misingi ya matawi mbalimbali kwa miaka miwili ya kwanza, kisha hubobea. Mfumo huu humpa upeo mpana. Lakini wahandisi wa Kenya husajiliwa kwa tawi mahsusi, kama vile ujenzi, mitambo au umeme. Anayesomea uhandisi wa jumla ahakikishe kwamba masomo ya miaka ya mwisho yanamwelekeza kwenye tawi moja kwa kina cha kutosha.

Tatu, karakana na maabara. Tembelea chuo, uulize wanafunzi ni wangapi hutumia mtambo mmoja na kama mitambo yenyewe inafanya kazi.

Nne, wahadhiri. Ni wangapi waliosajiliwa kama wahandisi, na ni wangapi wa kudumu? Aidha, uliza iwapo chuo huwasaidia wanafunzi kupata nafasi za mafunzo ya nyanjani.

Tano, kutambuliwa kimataifa. Mkataba wa Washington wa mwaka wa 1989 huwezesha mataifa wanachama kutambua shahada za uhandisi zilizoidhinishwa na wenzao. Afrika Kusini ilijiunga mwaka wa 1999. Anayenuia kufanya kazi nje aulize shahada yake itapokelewa vipi huko.

Kuuliza si ujinga. Maswali haya ni rahisi kuyauliza leo kuliko baada ya miaka mitano ya karo na jasho.